Majibu ya Bi Pindo

Maswali yalikuwa ishirini na mawili. Mama Dodoso alimuuliza mama yake mzazi yote, Jumapili moja baada ya chakula cha mchana, pale mezani jikoni, bila kuruka hata moja. Na alijibiwa yote. Hilo ndilo linalomkaa kooni mpaka leo kama mwiba wa samaki. Angekuwa hakuuliza, angepata la kujitetea. Aliuliza, akajibiwa, na hakusikia.

Jina la Mama Dodoso alipewa na mtaa. Kabla ya hapo alikuwa yule dada wa zahanati tu, kwa sababu kwa miaka kumi na mmoja alipiga deki korido ile ile, akafuta madirisha yale yale, akawaonyesha wagonjwa wale wale choo kilipo. Hakuna mlango asioujua. Alijua nani ana mbwa mkali, na nani ana mkwe mkali kuliko mbwa. Kwa hiyo watafiti walipokuja kutafuta wazee wa miaka sabini na kuendelea, wajue kwa nini watu wazima wanaanguka na nini kifanyike wasianguke, sista mkuu wa zahanati hakuumiza kichwa. Alimnyooshea kidole yeye, na ndoo yake mkononi.

"Mchukueni huyu. Huyu akibisha hodi, hata bubu anaitika."

Walifundishwa siku tatu, watu wanane kutoka mitaa mbalimbali. Waliketi wawili wawili. Mmoja anauliza, mwenzake anajifanya mzee. Mmoja akawa bibi mwenye kisukari anayeficha peremende kwenye soksi. Mwingine akawa babu kiziwi anayejibu swali lililopita. Walicheka mpaka machozi. Siku ya mwisho kila mmoja akapewa madodoso yake, karatasi tano tano zilizobanwa pamoja, na mengine mawili ya ziada ya kujifunzia nyumbani. Akapewa na kamba ya mita tatu, na saa ya kupimia sekunde. Kipimo chenyewe kilikuwa chepesi: mzee anakaa kwenye kiti kisicho na mikono, anainuka, anatembea mita tatu, anageuka, anarudi, anakaa. Unahesabu sekunde. Anayechelewa sana ndiye aliye karibu na kuanguka.

Wiki ya kwanza hakupata mtu. Walifunga milango kwa adabu, lakini walifunga. Dereva mmoja mstaafu wa malori, ambaye watu humwita Mzee Breki kwa sababu akianza kuongea hana, alimpokea kwenye kizingiti mikono ikiwa kiunoni.

"Damu yangu mnaipeleka wapi?"

"Babu, hatuchukui damu. Tunaangalia unavyotembea."

"Haya, kutembea kwangu mnakupeleka wapi?"

Mama Dodoso akarudi nyumbani miguu inawaka. Mama yake alikuwa dirishani na sindano yake, kama kawaida. Huyu alishona sare za shule miaka thelathini na miwili, kwa cherehani ya kukanyaga kwa miguu, na mtaa ulimwita Bi Pindo kwa vile hakuna nguo iliyotoka mkononi mwake ikiwa na pindo la kupinda. Hata ya mtu mwingine akiiona imeshonwa ovyo, alikuwa akimsimamisha mwenye nguo njiani. "Mwanangu, njoo nikunyooshee hilo. Unatembea na aibu ya fundi wako." Sasa alikuwa na miaka sabini na mitatu, na cherehani alishaigawa.

"Wamekukataa wote?" aliuliza.

"Wote, mama. Hata kukaribishwa ndani sijakaribishwa."

"Unaanzaje?"

"Nasema shikamoo, halafu nawaeleza kuhusu utafiti."

"Na karatasi umeishika mkononi."

"Ndiyo."

"Ndiyo maana. Mtu akija mlangoni na karatasi, huyo anakuja kuchukua. Iweke kwenye mkoba. Kaa chini kwanza, uulize habari za magoti, habari za watoto, unywe hayo maji utakayopewa hata kama huna kiu. Mtu mzima haulizwi umri mwulizaji akiwa wima. Na usiseme 'tunakuhitaji', kwani wao ni matofali? Sema tunakuomba. Mwambie, mwili wako umesoma miaka sabini, njoo utufundishe na sisi."

Mama Dodoso aliandika maneno yale nyuma ya mkono kwa kalamu, akacheka mwenyewe. Kesho yake akayatumia. Mzee Breki alisikia lile la mwili kusoma miaka sabini, akanyamaza, jambo ambalo mkewe alisema halijatokea tangu waoane. Kisha akakubali, kwa sharti moja.

"Sekunde zangu zisisomwe mbele ya huyu."

"Kwani atakimbia nazo?" mkewe akauliza. Naye akajiandikisha, makusudi.

Kuanzia hapo milango ikafunguka. Wiki ya pili wakawa kumi na tisa, wiki ya tatu thelathini na wawili, na waliotakiwa ni thelathini na sita. Sista alimsifu mbele ya wenzake. Mtafiti kijana aliyekuja na kompyuta yake alimwita mfano wa kuigwa. Na mgema akisifiwa, mnajua wenyewe.

Kila jioni Bi Pindo aliuliza, "Leo umepata wangapi?"

"Wawili, mama."

"Wamebaki wangapi?"

"Wanne tu. Natafuta mpaka kule nyuma ya stendi."

"Wanne," Bi Pindo alisema. Akatunga uzi, akakaa kidogo bila kushona, kisha akaendelea. Siku iliyofuata akauliza tena hivyo hivyo, akakaa tena hivyo hivyo. Alikuwa anangoja, kama mgeni aliyekwisha kunawa mikono anayengoja kuambiwa karibu. Lakini Mama Dodoso alikuwa akivua viatu na kulalamika habari za jua. Kwake yeye wazee walikuwa kwenye nyumba za watu. Nyumbani kulikuwa na mama.

Ndipo ikafika Jumapili ile. Kesho yake mkaguzi wa utafiti alikuwa anakuja kumsikiliza anavyouliza, na Mama Dodoso alikuwa na woga. Akatoa dodoso moja kati ya yale mawili ya kujifunzia, akafuta meza.

"Mama, hebu kaa hapa nikuulize."

Hakusema ni mazoezi. Aliona linajulikana.

Bi Pindo alinyoosha gauni, akavuta kiti. "Nilidhani hutaniuliza," alisema.

Mama Dodoso alikuwa anatafuta kalamu. Akasoma ukurasa wa kwanza wote, wa ridhaa, kwa sauti ya kazini. Kwamba kushiriki ni hiari. Kwamba unaweza kuacha wakati wowote. Kwamba majibu yako ni siri, yatasomwa na wataalamu peke yao, hata ndugu yako hataambiwa.

"Hata ndugu?" Bi Pindo akauliza.

"Hata ndugu, mama. Ni siri kabisa," akajibu kama alivyofundishwa kujibu.

Bi Pindo akaomba kalamu, akasaini polepole, herufi zimekaa kwenye mstari kama mishono.

Maswali ya mwanzo yalikuwa ya usingizi na dawa. La saba ndilo lilikuwa lenyewe. "Katika miezi sita iliyopita, umewahi kuanguka?"

"Mara tatu."

"Wapi?"

"Mara mbili bafuni, pale ninapopandisha mguu. Mara moja kwenye kile kingazi cha kutokea jikoni."

"Ulimwambia mtu yeyote?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Bi Pindo alitazama meza. "Nina binti mmoja. Aliwahi kuacha kazi nzuri ya hotelini amuuguze baba yake miaka miwili. Sitaki aache na hii. Hii anaipenda."

"Asante kwa jibu lako," alisema Mama Dodoso, akageuza karatasi.

Ndivyo walivyofundishwa: usionyeshe mshangao, usimhurumie, usimwongoze, mshukuru uende swali linalofuata. Lakini si hilo tu. Kichwani mwake alikuwa bado kwenye yale mafunzo ya siku tatu, ya peremende kwenye soksi. Alidhani mama yake naye anajifanya bibi, anamtungia majibu magumu ili apate mazoezi. Moyoni alisema, lo, huyu angekuja kwenye mafunzo angetushinda wote. Aliyasikiliza maneno ya mama yake kama mtu anavyosikiliza mchezo wa redio huku anapiga pasi. Sikio lake lilikuwa kwenye sauti yake mwenyewe: je, nimeuliza vizuri, je, nimekimbia?

Walipofika kwenye kipimo cha kiti, Bi Pindo alitumia sekunde ishirini na moja. Mama Dodoso akaandika ishirini na moja. Akafikiri, na kuchechemea anaweza.

Jumatatu mkaguzi alimpa alama za juu. Wakati wa chai aliwasimulia wenzake jinsi mama yake anavyoigiza uzee, wakacheka. Lile dodoso, kwa kuwa halikuwa la hesabu, alilikunjakunja akafutia kioo cha dirisha la mapokezi, kwani karatasi haiachi nyuzi kama kitambaa.

Wiki ile Bi Pindo alichangamka. Alitoa gauni lake la bluu, akapunguza kiuno, akashusha pindo. Alimwambia jirani wa ukuta wa pili, "Na mimi nimo kwenye ule utafiti wa miguu. Wametuomba." Mama Dodoso aliliona gauni limetundikwa mlangoni, akasema, "Mama, utaua watu wewe," akatoka mbio. Alikuwa amebakiza mtu mmoja. Ijumaa akampata, kinyozi mzee nyuma ya stendi, na orodha ikafungwa.

Jumanne gari la zahanati likaja kuwachukua wazee wa mtaa huo kuwapeleka ukumbini kwa vipimo vikubwa. Likaegeshwa mbele ya duka la dawa saa mbili asubuhi. Wazee walikuwa wameshajaa kwenye benchi refu la nje, wamenyoosha nguo, wamepaka mafuta, kelele tupu. Mama Dodoso alimwona mama yake mwisho wa benchi, gauni la bluu, viatu vya mkanda, mkoba mapajani. Akadhani amemletea kitu alichosahau. Akamtabasamia, akaanza kuita majina.

Wakaingia mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa mke wa Mzee Breki. Mama Dodoso akafunga orodha.

Bi Pindo akainuka. Alishika kwanza ukingo wa benchi, kisha goti lake, kisha akasimama.

"Umeniruka."

"Nimekuruka wapi, mama?"

"Hujaniita."

Mzee Breki akatoa kichwa dirishani. "Jamani! Kama mama mzazi kasahauliwa, sisi wa kuokota tutafika kweli?"

Gari zima likacheka. Bi Pindo naye akacheka kidogo, akingoja kosa lirekebishwe.

"Mama, wewe humo," alisema Mama Dodoso.

"Nimesaini."

"Yale yalikuwa mazoezi." Akashusha sauti, maana kicheko cha garini kilikuwa kimeanza kufa. "Si unajua mkaguzi alikuwa anakuja. Nilikuwa najinoa. Nikajua na wewe unaigiza."

"Naigiza nini?"

Bi Pindo aliuliza bila hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli. Na Mama Dodoso, aliyekuwa ameuliza watu thelathini na sita maswali ishirini na mawili kila mmoja, alitazama mkono wa mama yake. Ulikuwa bado haujaachia ukingo wa benchi.

"Mara tatu?" alisema, kwa sauti ambayo hata yeye aliisikia kwa shida.

Bi Pindo alipandisha mkoba begani. "Nendeni. Wazee wa watu wasichomwe na jua."

Akageuka akaenda zake. Kutoka duka la dawa mpaka mlangoni kwao hazifiki hatua hamsini, na alizipiga zote akiwa amenyooka, kama mtu anayejua anatazamwa. Mama Dodoso alisimama mguu mmoja chini, mguu mmoja kwenye ngazi ya gari. Dereva akapiga honi ndogo. Angeweza kushuka. Wazee wangesubiri dakika kumi, hakuna ambaye angekufa. Alipanda. Na hilo nalo analijutia, pengine kuliko lile la kwanza, kwa sababu lile alikuwa hajui na hili alikuwa anajua.

Siku nzima ukumbini alishika saa. Inuka, tembea, geuka, rudi, kaa. Mzee Breki alitumia sekunde kumi na mbili, akataka zitangazwe kwa kipaza sauti. Mama Dodoso aliandika na kuandika, na katika kila mzee aliyeinuka alimwona mama yake akishika ukingo wa benchi.

Mchana alimfuata sista.

"Nafasi moja tu, sista. Hata kwa kumtoa mtu aliyeghairi."

"Hajaghairi mtu. Na orodha ilifungwa Ijumaa, imeshatumwa." Sista alivua miwani. "Zile nafasi nne za mwisho, mwenzangu, ulizitafuta mpaka nyuma ya stendi. Na ulikuwa naye mezani?"

Mama Dodoso aliirudisha saa kwenye sifuri.

"Mlete zahanati," sista akasema, kwa upole sasa. "Tutamtazama kama tunavyomtazama mtu yeyote. Hilo halina orodha."

Jioni alimkuta mama yake amevaa nguo za nyumbani, anachambua vifungo kwenye kopo. Lile gauni la bluu halikuwepo tena mlangoni. Mama Dodoso aliketi kwenye kigoda, chini ya mama yake, mahali alipokuwa akikaa kusukwa nywele akiwa mtoto.

"Mama, nisamehe."

"Nimeshasahau. Mtoto hasamehewi, anavumiliwa." Akatupa kifungo kwenye kopo.

"Sista amesema nikupeleke zahanati."

"Kwani hapa kuna mgonjwa? Mimi sikutaka kutibiwa. Nilitaka na mimi niulizwe."

"Lakini ulisema umeanguka."

"Nilimwambia nani?"

"Uliniambia mimi."

"Wewe sikukwambia. Niliwaambia wataalamu. Ulinisomea mwenyewe, siri, hata ndugu hataambiwa. Sasa ndugu anataka nini?"

Mama Dodoso aliweka mkono kwenye goti la mama yake. "Basi nakuuliza mimi. Siyo wa kazini. Mwanao. Umeanguka, mama?"

Bi Pindo alimtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtoto aliyefika shuleni geti limefungwa.

"Sijaanguka," alisema.

Zahanati alikwenda mwisho wa mwezi, baada ya kubembelezwa sana. Muuguzi alimuuliza yale yale. Hapana. Hapana. Nalala vizuri. Mama Dodoso alikuwa amekaa pembeni, na alipofungua mdomo kusema, mama yake alimgeukia akamwambia, "Nani anaulizwa hapa?" Wakarudi na vidonge vya maumivu.

Kazi anaendelea nayo, utafiti umeingia mtaa wa pili. Ila anauliza taratibu sasa, hata wenzake wanamtania kwamba mzee mmoja kwake ni kutwa nzima. Hasa akifika swali la kumi na tisa. "Katika uzee wako, ni kitu gani unachokiogopa zaidi?" Hapo huweka kalamu chini kabisa. Kwa sababu anakumbuka kwamba Jumapili ile, kwenye swali hilo, mama yake alisukuma kikombe pembeni akaongea kwa muda, na yeye akajaza mistari yote minne, na mmoja mpaka pembeni. Anaukumbuka mkono wake ukiandika. Anakumbuka hata inzi aliyekuwa kwenye kikombe. Maneno hayakumbuki hata moja. Ameyatafuta kila mahali kichwani mwake, hayamo.

Akamwita fundi wa kuchomelea, akaweka bomba la chuma ukutani bafuni, usawa wa mkono, pale mtu anapopandisha mguu. Bi Pindo alikagua kazi, akamwambia fundi limenyooka, akamshukuru. Kesho yake akaanika juu yake taulo mbili na shuka.

Sasa imekuwa ndiyo desturi ya nyumba. Jioni Mama Dodoso akirudi kazini huanua nguo zile, akazikunja, bomba likabaki wazi, likimngoja mtu kulishika. Asubuhi mama yake huingia kuoga na kurudishia komeo. Mama Dodoso husimama koridoni, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, akisikiliza maji. Yakikatika, hushusha pumzi. Mlango ukifunguliwa, huona kwamba nguo zimeshaanikwa tena, zimenyooshwa pindo kwa pindo.

"Bado hujaenda?" mama yake humwambia. "Wahi, mwanangu. Wazee wa watu wanakusubiri."